Walioiuza Yquem: Hesabu ya Jamaa Ambayo Haijapigwa

Mwezi Novemba 1996 kampuni ya bidhaa za kifahari ya LVMH, chini ya Bernard Arnault, ilitangaza kwamba imenunua asilimia 55 ya hisa za Château d'Yquem, kasri na shamba la mizabibu la Sauternes, Ufaransa, linalotoa divai nyeupe tamu, lililokuwa mikononi mwa ukoo wa Lur-Saluces tangu 1785. Waliouza walikuwa jamaa wenyewe. Miongoni mwao alikuwamo Marquis Eugène, kaka mkubwa wa Comte Alexandre de Lur-Saluces (marquis na comte ni vyeo vya kikabaila). Alexandre ndiye aliyekuwa akiisimamia Yquem tangu 1968. Alexandre alikwenda mahakamani kuupinga uuzaji huo. Ugomvi ukaendelea hadi 1999, pande mbili zilipopatana: LVMH wakabaki na kasri, Alexandre akabaki na kiti cha usimamizi. Alikikalia hadi 2004, ndipo nafasi yake ikachukuliwa na Pierre Lurton, ambaye tayari alikuwa akiongoza Cheval Blanc, shamba jingine la divai la Bordeaux.

Tangu hapo habari hii husimuliwa kwa namna moja. Yuko mlinzi wa urithi, mtu wa shamba, aliyeishi kwa ajili ya divai yake. Wako ndugu wa mjini waliotamani fedha taslimu. Na yuko tajiri aliyejua kuwagawa. Masimulizi hayo yana ukweli ndani yake, na nitaupa nafasi yake. Lakini yanawahukumu watu ambao hesabu yao haijapigwa. Ukiipiga, utaona kwamba jamaa hao walikuwa wamebanwa na utaratibu ambao hakuna hata mmoja wao aliyeutunga, na kwamba kilichowabana zaidi ni ubora wenyewe wa kazi ya Alexandre.

Tuanze na neno "kasri la mababu", ambalo wasimulizi hao huiita Yquem, kwa sababu linatumika ovyo. Ngome ya asili ya ukoo huu ni Fargues, kilomita chache kutoka Yquem, iliyojengwa mwaka 1306 na Kadinali Raymond Guilhem de Fargues, mpwa wa Papa Clement wa Tano. Iliingia katika ukoo wa Lur mwaka 1472 kwa ndoa, ikaungua mwaka 1687, na hadi leo ni kuta tupu. Yquem ilikuwa ya ukoo mwingine, akina Sauvage, waliopewa haki ya kuikalia mwaka 1593 na kuinunua kabisa mwaka 1711. Ilifika kwa akina Lur-Saluces pale Françoise Joséphine de Sauvage d'Yquem alipoolewa na Comte Louis Amédée mwaka 1785. Miaka mitatu baadaye mume akafa kwa kuanguka kutoka juu ya farasi, na mjane huyo kijana akaishika Yquem peke yake, akafungwa mara mbili wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, akatoka, akajenga ghala jipya la divai mwaka 1826. Kama kuna mtu anayestahili kuitwa mwanzilishi wa Yquem tunayoijua, ni yeye.

Tena Yquem haikuwa peke yake. Katika karne ya 19 ukoo huu ulikuwa na mashamba makubwa manne katika eneo la Sauternes: Yquem, Coutet, Filhot na Malle. Coutet iliuzwa miaka ya 1920. Filhot ilikwenda mwaka 1935 kwa dada yake Marquis Bertrand, ami yake Alexandre aliyemtangulia kuisimamia Yquem. Malle iliangukia tawi jingine la ukoo. Kwa hiyo mwaka 1996 haukuwa mara ya kwanza mirathi kuutafuna ukoo wa Lur-Saluces. Yquem ilikuwa kipande cha mwisho kilichobaki kizima, na kilibaki kizima kwa kugawanywa kwenye karatasi badala ya ardhini. Hilo la karatasi ndilo kiini cha jambo lote.

Kabla ya karatasi, lazima tuelewe shamba hili hutoa nini, na kwa nini hutoa kidogo hivyo.

Yquem iko juu ya kilima, takriban kilomita 40 kusini mashariki mwa Bordeaux. Chini yake mto mdogo wa Ciron, wenye maji baridi, huingia kwenye mto Garonne wenye maji ya uvuguvugu. Msimu wa vuli, kukutana kwa maji hayo huleta ukungu wa asubuhi, na ukungu huamsha kuvu iitwayo Botrytis cinerea. Kuvu hutoboa ganda la zabibu kwa vitundu visivyoonekana kwa macho. Jua la mchana likiwaka na upepo ukavuma, maji hupotea kupitia vitundu hivyo, na ndani ya tunda hubaki sukari, asidi na ladha, vyote vikiwa vimekolea. Tunda husinyaa, huwa la rangi ya zambarau iliyofifia, na kwa macho ya asiyejua limeoza.

Kuvu hiyo hiyo ni adui pia. Ukungu ukikosa jua la mchana, uozo mwema hugeuka uozo wa kijivu usio na faida. Mvua ikinyesha juu ya zabibu zilizokwisha kutobolewa, maganda hupasuka, bakteria wa siki huingia, na kishada kizima hunuka. Vuli ikiwa kavu mno, kuvu haiji, na unabaki na zabibu tamu za kawaida. Na hata mwaka ukiwa mwema, zabibu za kishada kimoja haziivi kwa kuvu siku moja. Ndiyo maana wavunaji wapatao 150 hupita shambani na mikasi midogo, wakikata zile zilizo tayari tu na kuziacha nyingine, kisha hurudi siku au wiki kadhaa baadaye. Kwa wastani hupita kila mstari mara sita kati ya Septemba na Novemba. Wavunaji hao hulipwa hata siku ambazo mvua imewakalisha bure, kwa sababu ukiwaachia waende, jua likitoka kesho hutawapata.

Zabibu hukamuliwa siku ile ile. Hapa kuna jambo la kinyume: kwa divai ya kawaida, mkamuo wa kwanza ndio bora, kwa hii, mkamuo wa tatu hutoa juisi kidogo kuliko yote lakini tamu kuliko yote. Lengo ni juisi yenye sukari ya kutosha kutoa kileo cha asilimia 20 hivi kama ingechachuka yote. Haichachuki yote. Chachu huzidiwa na kileo, ikisaidiwa na dutu ambazo kuvu imeziacha, na uchachushaji husimama wenyewe kileo kikiwa karibu asilimia 13.5 au 14, sukari ya gramu 120 hadi 150 kwa lita ikiwa imebaki. Juisi ikiingia na sukari pungufu, divai hutoka bila utamu unaotakiwa. Ikiingia na sukari iliyozidi mno, chachu hulemewa mapema na divai hubaki nzito, kileo kidogo, kama asali iliyotiwa maji. Hakuna dawa ya baadaye ya kosa la mvunaji.

Kisha mapipa. Yote ni ya mwaloni mpya, lita 225 kila moja, kila mwaka. Chini ya Alexandre divai ilikaa humo zaidi ya miaka mitatu, mapipa yakijazwa mara mbili kwa wiki ili hewa isiingie, na karibu sehemu moja ya tano ikipotea kwa mvuke na kwa kuhamishwa kutoka pipa hadi pipa. Pipa lisilofikia kiwango huuzwa kwa wachuuzi bila jina la Yquem. Ardhi nayo hudai zamu yake: kila mwaka hekta mbili au tatu za mizabibu mikongwe hung'olewa, udongo hupumzishwa, na mizabibu michanga husubiriwa miaka kadhaa kabla ya kuingizwa kwenye divai kuu. Chini ya udongo zimelazwa kilomita 100 hivi za mabomba ya udongo wa kufinyanga, kazi ya karne ya 19, kwa sababu tabaka la mfinyanzi lililo chini hushika maji.

Mavuno ya yote hayo ni hektolita 9 kwa hekta. Namba hii hutajwa kila mahali kama sifa, nami naomba tuikalie kidogo kama hesabu. Hektolita 9 ni lita 900, yaani chupa 1,200. Sheria ya Sauternes inaruhusu hektolita 25. Jirani wa Médoc, eneo jingine la Bordeaux, anayetengeneza divai nyekundu hupata 45 bila tabu, yaani chupa 6,000 kwa ardhi ile ile. Kwa mizabibu karibu 7,000 kwa hekta, kila mzabibu wa Yquem hutoa glasi moja. Mwaka 1859 Grand Duke Constantine wa Urusi alilipa faranga 20,000 za dhahabu kwa tonneau moja ya mavuno ya 1847, na dunia ikashangaa. Tonneau ni mapipa manne ya lita 225: lita 900 kamili. Bei ile iliyoshangaza dunia ilikuwa malipo ya hekta moja kwa mwaka mmoja.

Na kuna miaka isiyo na malipo kabisa. Divai isiporidhisha, Yquem haitoi chupa hata moja yenye jina lake. Katika karne ya 20 hilo lilitokea mara tisa: 1910, 1915, 1930, 1951, 1952, 1964, 1972, 1974 na 1992. Angalia mbili kati ya hizo zilivyomwangukia Alexandre ndani ya mavuno yake saba ya kwanza, huku soko la Bordeaux likiwa limeporomoka. Mtu aliyekubali kupoteza mwaka mzima wa mapato mara mbili katika hali ile ana haki ya kuheshimiwa na yeyote anayezungumzia divai.

Sasa turudi kwenye karatasi. Kabla ya Mapinduzi, mali ya kabaila Ufaransa kwa sehemu kubwa ilikwenda kwa mtoto wa kwanza wa kiume. Upendeleo huo ulifutwa mwaka 1790, na Sheria ya Kiraia ya 1804 ikaweka fungu ambalo mzazi hawezi kumnyima mtoto: mwenye mtoto mmoja anaweza kugawa apendavyo nusu tu ya mali yake, mwenye wawili theluthi, mwenye watatu au zaidi robo. Sheria hiyo hiyo inasema hakuna anayeweza kulazimishwa kubaki kwenye mali ya pamoja isiyogawanywa. Haki hii ni njema. Ndiyo iliyowapa mabinti na wadogo urithi ambao mababu zao waliwanyima. Lakini kasri si kitu cha kukatwa vipande. Huwezi kugawa Yquem kama warithi wa pwani wanavyogawana minazi, huyu mitano, yule saba. Kwa hiyo familia huunda kampuni, na kila mrithi hupata hisa. Kizazi cha kwanza huwa watu watatu, cha pili tisa. Baada ya vizazi vinne unao binamu wasiojuana kwa sura, kila mmoja na asilimia moja au mbili ya kitu asichokikalia, asichokilima, na ambacho hawezi kupeleka sokoni, maana hisa za kampuni ya ukoo hazina soko la hisa wala mnunuzi wa barabarani.

Hapo ndipo kodi inapoingia. Ufaransa ilianzisha kodi ya utajiri mwaka 1982, ikaifuta 1987, ikairudisha 1989, na haikuiondoa kwenye hisa hadi 2018. Viwango vya juu vilifika na hata kuzidi asilimia 1.5 ya thamani kila mwaka. Mali ambayo mtu anaifanyia kazi, kwa masharti fulani, ilisamehewa. Hisa za binamu anayefundisha shule Lyon au anayefanya kazi ofisini Paris hazikuwa mali ya kazi. Na kodi hii haikuuliza hisa zimekuletea gawio gani, yaani fungu gani la faida. Iliuliza zina thamani gani.

Thamani ya Yquem haikufuata gawio. Ilifuata kile ambacho tajiri angekubali kulipa ili jina hilo liwe lake. Nitoe mfano wa kubuni, kwa namba za mviringo. Shamba zima lina thamani ya faranga bilioni 1. Binamu ana asilimia 1, yaani milioni 10. Kodi ikimgusa kwa asilimia 1 tu, anadaiwa faranga 100,000 kila mwaka. Ili wanahisa wote wa nje walipe kodi hiyo bila kuchomoa mfukoni, kampuni yapaswa kugawa karibu milioni 10 kwa mwaka, hata kabla gawio lenyewe halijatozwa kodi ya mapato. Kwa chupa 80,000, hiyo ni faranga 125 kutoka kila chupa, na hakuna hata sarafu moja iliyobaki mkononi mwa jamaa yeyote kama faida. Kisha binamu akifariki, watoto wake hulipa kodi ya mirathi ambayo wakati huo ilifika asilimia 40 kwa mafungu makubwa. Akiwa hana mtoto na akamwachia mpwa, ni asilimia 55. Wapwa hao watailipa kwa nini, ikiwa hisa haziuziki?

Hapa ndipo penye utata wote wa Yquem, na ndipo wasimulizi wengi wanapopita mbio. Kila alichokifanya Alexandre vizuri kiliinua thamani ya hisa na kushusha gawio. Alipokataa kutoa mavuno mabaya, jina likapanda na mapato yakashuka. Alipong'ang'ania mapipa mapya kila mwaka, jina likapanda na gharama ikapanda. Alipokataa kuuza divai ikiwa bado kwenye mapipa, kama majirani wote wanavyofanya ili wapate fedha mapema, jina likapanda na mtaji wa miaka minne au mitano ukabaki umelala ghalani. Msimamizi angekuwa mvivu, Yquem ingekuwa na thamani ya chini, kodi ingekuwa nyepesi, na huenda jamaa wangebaki. Ubora wake uliwafanya ndugu zake matajiri kwenye karatasi na kuwafanya washindwe kuubeba utajiri huo.

Kuna jambo la wakati pia. Divai ya Yquem ikiuzwa miaka minne au mitano baada ya kuvunwa, pengo la mavuno halionekani mwaka wa mavuno. Aprili 1991 baridi kali iliunguza machipukizi kote Bordeaux. Mwaka 1992 haukutoa Yquem. Mwaka 1993 mvua iliharibu vuli. Hesabu mbele: mavuno hayo matatu dhaifu yalipaswa kuwa fedha kati ya 1995 na 1998. Mnunuzi aliwakuta jamaa katikati ya ukame huo. Nionavyo mimi, jambo hili lina uzito kuliko maneno yote yaliyosemwa juu ya wivu wa ndugu wawili.

Upande wa Alexandre nao una hoja nzito. Alikuwa na hisa chache, lakini kazi ya miaka 28 hadi siku ile ilikuwa yake. Thamani ambayo wenzake waliuza, yeye ndiye aliyeijenga, na walioiuza hawakuwahi kusimama shambani alfajiri wakiamua kama wavunaji waingie au wasubiri. Aliamini kwamba divai ya namna hii inahitaji mwenye mali asiyewajibika kwa ripoti ya kila robo mwaka, na historia ya biashara ya vinywaji inampa sababu ya kuamini hivyo. Alichoogopa hasa ni kampuni inayouza mikoba na manukato kuigeuza Yquem kuwa nembo, kupanda hadi hektolita 15, kuacha kupoteza miaka mibaya. Na kuuziwa nyumba na ndugu zako, wakizungumza na mgeni kabla ya kuzungumza nawe, ni jeraha ambalo hesabu haiwezi kulifuta.

Lakini hofu hiyo inaweza kupimwa sasa, maana tuna zaidi ya miaka 20. Mwaka 2012 mvua iliharibu mavuno ya Sauternes, na Yquem, chini ya LVMH na Pierre Lurton, ilitangaza kwamba hakutakuwa na Yquem ya 2012. Kampuni ilimeza hasara ya mwaka mzima, kama Bertrand alivyofanya 1964 na Alexandre 1992. Wavunaji bado hupita mara kadhaa, na mapipa bado ni mapya. Yaliyobadilika ni ya upande wa biashara. Divai huondoka kwenye mapipa mapema kidogo kuliko zamani. Mavuno ya 2005 yaliuzwa kabla ya kutiwa chupani, jambo ambalo Alexandre asingelikubali. Divai kavu ya shamba hilo iitwayo Y, ambayo tangu 1959 ilitengenezwa kwa miaka ya kuchagua tu, tangu 2004 hutengenezwa kila mwaka, nayo huleta fedha bila kusubiri kuvu. Mpenzi wa mila anaweza kuhuzunika kwa hayo, na mimi mwenyewe naona la 2005 lilikuwa kosa, kwa sababu lilimfundisha mnunuzi kuicheza Yquem kama hisa. Ila hakuna hata moja kati ya hayo lililogusa kile kinachoamuliwa shambani.

Linganisha na Brolio, kasri la ukoo wa Ricasoli huko Toscana, ambao umelishika tangu 1141. Baron Bettino Ricasoli, waziri mkuu wa pili wa Italia iliyoungana, ndiye aliyeandika mwaka 1872 mchanganyiko wa zabibu za Chianti uliofuatwa kwa zaidi ya karne. Mwaka 1971 ukoo uliuza biashara ya divai na jina lake kwa kampuni ya vinywaji ya Seagram, ukabaki na kasri na ardhi. Baadaye ikapita mikononi mwa kampuni ya Australia. Jina la kale likabandikwa kwenye chupa za rafu za chini, na mizabibu ikachoka. Mwaka 1993 Francesco Ricasoli aliinunua tena na kuanza kupanda upya. Kwa macho ya nje, akina Ricasoli walifanya la heshima zaidi: kuta za mababu hazikuuzwa. Kwa macho ya divai, walifanya la hatari zaidi, kwa sababu walimpa mgeni jina bila ardhi, na mwenye jina bila ardhi hana sababu ya kuitunza. Yquem haikutenganishwa: kuta, mizabibu na jina vilikwenda pamoja. Aliyenunua asingeweza kuharibu shamba bila kuharibu alichokilipia.

Je, uuzaji ungeweza kuepukwa? Naamini ndiyo, lakini ilipaswa kuanza miaka 20 kabla. Tangu mwisho wa 1970 sheria ya Ufaransa inaruhusu ukoo kuweka ardhi ya kilimo katika kampuni maalumu ya ardhi, kuikodisha kwa mkataba mrefu, na kupata msamaha wa sehemu kubwa ya kodi ya mirathi kwa kiwango fulani cha thamani. Hiyo ni hatua ya kwanza. Ya pili ni mfuko wa kununua hisa za ndani: kila mwaka sehemu ya mapato hutengwa, na jamaa anayetaka kutoka hununuliwa kwa bei iliyopimwa na mtu wa nje. Familia nyingi huandika kwenye katiba ya kampuni kwamba jamaa wana haki ya kununua kwanza, kisha hudhani wamemaliza. Haki ya kununua kwanza bila fedha za kununulia ni karatasi tu; siku tajiri anapokuja na bei yake, hakuna jamaa anayeweza kuifikia. Ya tatu ni gawio la chini lililokubaliwa, angalau sawa na kodi ambayo hisa zinawaletea wasiofanya kazi shambani, lilipwe hata mwaka ambao divai haikutoka, kutoka kwenye akiba ya miaka mizuri. Na ya nne, taarifa. Mali bila daftari huisha bila habari, na binamu asiyeonyeshwa hesabu huanza kuamini kwamba anaibiwa, hata pale asipoibiwa.

Sheria yenyewe ilikuja kutambua tatizo hili. Mwaka 2003 Ufaransa iliimarisha mkataba unaoitwa kwa jina la Renaud Dutreil, unaosamehe sehemu kubwa ya thamani ya hisa kwenye kodi ya mirathi ikiwa warithi watajifunga kutoziuza kwa miaka kadhaa na mmoja wao akaongoza kazi. Kwa akina Lur-Saluces wa Yquem ilichelewa kwa miaka saba. Bunge halitungi dawa ya ugonjwa wa mtu mmoja mwenye tamaa. Lilitunga kwa sababu mamia ya familia, za viwanda na za mizabibu, zilikuwa zikiuza kwa sababu zile zile.

Baada ya 2004 Alexandre alihamishia nguvu zake zote Fargues, kwenye ngome iliyoungua. Ami yake Bertrand alikuwa amepanda huko mizabibu ya zabibu nyeupe miaka ya 1930, na mavuno ya kwanza ya Sauternes yalikuwa ya 1943. Ni shamba la hekta 15 hivi, na divai yake hutengenezwa kwa utaratibu ule ule wa Yquem: kuvu, mikasi, mapipa, miaka ya kusubiri. Alifariki Julai 2023, na mwanawe Philippe ndiye anayeongoza. Fargues haina makumi ya binamu, kwa sasa. Lakini hesabu yake ni ile ile kwa kipimo kidogo: chupa chache, gharama ya kila mwaka isiyopungua, jina linalopanda bei, na sheria ya 1804 inayosubiri kizazi kijacho. Wakiwa bado wachache na bado wanasikilizana, huu ndio wakati wao wa kuandika bei ya kutoka, kuanza kutenga akiba, na kuafikiana ni kiasi gani mtu asiye shambani atalipwa mwaka ambao divai haikutoka.